Tundu la sentimita moja: nilivyoenda Chennai kupasuliwa mgongo

Mguu wangu wa kulia ndio ulionikatia shauri. Maumivu ya mgongo nilikuwa nayo tangu baada ya Idi ya mwaka 2024, na nilichukulia kuwa ni ugonjwa wa kazi. Nani aliyekaa kwenye cherehani miaka 20 asiumwe na mgongo? Nilichuliwa, nikalala sakafuni, nikameza vidonge. Lakini mwezi wa Septemba mguu uligoma kukanyaga. Naukanyagisha, hauna nguvu. Nikajaribu kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo, nikaanguka kando ya kabati la vitambaa.

Picha ya MRI niliyopigwa hapa Mombasa ilionyesha kuwa diski iliyo chini kabisa, ule mto baina ya pingili za uti wa mgongo ziitwazo L5 na S1, imetoka mahali pake na kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka nyuma ya paja hadi kidole kidogo cha mguu. Daktari wangu, mtu mpole asiye na haraka, alinieleza jambo ambalo baadaye sikulisikia kwa wakala yeyote wa kupeleka wagonjwa India: watu wengi wenye diski iliyotoka hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, na mwaka ukipita, waliopasuliwa mapema na waliosubiri hawapishani sana. Kinachogeuza hesabu ni mguu unaozidi kulegea, au maumivu yasiyosikia dawa. Akaongeza kuwa ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, hapo si pa kutafuta viza. Ni kukimbilia hospitali iliyo karibu usiku huohuo.

Mimi nilikuwa wa mguu kulegea. Nikaulizia bei. Nairobi wapo wanaofanya upasuaji wa tundu dogo, na hospitali moja ya binafsi ilinitajia shilingi 850,000. Kaka yangu aliyeko Muscat akasema mwenzake kazini alienda Chennai akarudi anatembea, na kwamba huko ni nusu ya bei. Neno "nusu" ndilo lililotupeleka India. Neno la pili lilikuwa "tundu". Wakala alituma video: sindano nene inaingia, kamera ndogo inaingia, diski inavutwa nje, mgonjwa anatabasamu. Nyumbani kwetu kila mtu akawa anasema si upasuaji, ni tundu tu.

Picha zangu zilitumwa hospitali mbili. Ya kwanza ilijibu ndani ya saa chache: wafungue mgongo, waunge pingili kwa skrubu na vyuma. Ya pili ikasema diski moja tu, kwa endoskopu, yaani ile kamera ndogo, mkato wa kama sentimita moja. Picha ni zilezile! Nilirudi kwa daktari wangu wa Mombasa na majibu yote mawili mkononi. Akaniambia vyuma huwekwa hasa pale pingili zinapoteleza au kuyumba, na zangu hazikuyumba. Mtu akikuunga bila sababu, pingili za jirani ndizo zinazobeba mzigo maisha yako yote. Wakala alisisitiza ile ya kwanza "ina jina". Baadaye nilikuja kujua kuwa mawakala wengi hulipwa kamisheni na hospitali, na bili ikiwa kubwa na kamisheni hunenepa.

Bei ya hospitali ya pili ilikuwa "laki mbili na sitini". Neno laki halikuhitaji mkalimani, tunalitumia sisi na wao, na hapo ndipo mama yangu alipopiga hesabu ya shilingi akafurahi. Ni rupia, mama. Rupia moja wakati huo ilikuwa kama shilingi moja na nusu ya Kenya, kwa hivyo ni kama shilingi 390,000.

Viza ya matibabu tuliomba mtandaoni kwa barua ya hospitali. Mgonjwa anaruhusiwa wasindikizaji wawili, nami nilimchukua binti yangu mkubwa. Kadi ya manjano msiifanyie mzaha. India huwadai wasafiri kutoka Kenya cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya safari. Kijana mmoja tuliyefuatana naye kwenye ndege alikuwa amechanjwa wiki hiyohiyo. Mumbai walimweka kando na sikumwona tena.

Safari yenyewe ni adhabu. Mombasa hadi Addis Ababa, Addis hadi Mumbai, Mumbai hadi Chennai, kwa mtu ambaye kukaa ndiko kunakomuua. Nilisimama karibu na choo cha ndege mpaka wahudumu wakanizoea. Ombeni kiti cha magurudumu mapema hata kama mnaweza kutembea.

Tulifika Ijumaa tarehe 10 Januari 2025. Tukapanga kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Greams Road, ambako kila mlango wa pili ni duka la dawa au chumba cha kukodi wagonjwa. Rupia 1,500 kwa usiku, na jiko dogo. Mwenye nyumba alitupunguzia bei bila kubembelezwa. Alisema wateja wake wengi walikuwa Wabangladesh, na tangu India ilipobana viza zao mwaka uliotangulia vyumba vinalala vitupu. Hapo karibu kuna msikiti wa Thousand Lights, na adhana ya alfajiri ilimfanya binti yangu aseme kwa usingizi, "Kumbe tumerudi?"

Jumatatu nikaonana na daktari. Huyu simpunguzii hata nyota moja. Alinishika mguu, akanigonga kifundo kwa kinyundo, akaniambia nisimame kwa vidole, akachora mgongo wangu nyuma ya bahasha. Halafu akasema: Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu ya Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamili, siku tatu nne katikati ya Januari, na shughuli zote zisizo za dharura zinapungua. Wakala hakusema kitu. Tulikaa tukitazama wanawake wakichora maua ya unga mbele ya milango, na miwa ikiuzwa kwa mafungu kama kwetu makuti. Ilikuwa raha kutazama, ila kila usiku ulikuwa na bei yake.

Na MRI yangu ilikataliwa, ilikuwa imepita miezi mitatu. Nyingine. Vipimo vya damu, moyo, daktari wa usingizi: kila kimoja na risiti yake, nje ya ile laki mbili na sitini. Mkalimani wa Kiswahili aliyetajwa kwenye tangazo hakuwepo. Walikuwepo wa Kiarabu na wa Kibengali. Tulijikokota na Kiingereza. Wauguzi waliniita Amma, yaani mama, nami niliona tabu kutoitikia "bee".

Kuhusu upasuaji sina mengi, nililala. Kwa diski ya chini kama yangu walipita mgongoni baina ya pingili na kunitia nusu kaputi; wengine hupitishiwa ubavuni, wakachomwa ganzi tu na kuongea na daktari huku akifanya kazi. Saa moja na ushee. Nilipoamka ule umeme wa mguuni ulikuwa umekatika. Nasema umekatika, kama taa za Kenya Power. Kidole kidogo kilibaki na ganzi, na nguvu ya kukanyaga haikurudi siku hiyo, lakini moto uliokuwa ukishuka pajani haukuwepo. Jioni walinisimamisha nikatembea hadi dirishani. Daktari alileta kichupa chenye vipande alivyotoa, vyeupe, vya nyuzinyuzi. Binti yangu akasema ni kama nyama ya kaa. Kesho yake niliruhusiwa. Mkato wenyewe ulishonwa uzi mmoja, na kama fundi niliutazama kwenye kioo nikaupitisha.

Bili ya mwisho: rupia 341,000.

Karatasi ya kuruhusiwa ilisema nisiiname, nisibebe chochote kizito, nisikae zaidi ya nusu saa kwa mkupuo. Daktari alinieleza kwa kuonyesha kwa vidole: ngozi umekatwa hivi, lakini ndani tumefanya kazi ileile, ganda la diski limepasuka na linachukua miezi kujifunga, na kati ya wagonjwa 100 kama 5 hadi 15 diski hutoka tena. Niliitikia. Sikusikia. Nilikuwa nimebeba neno langu la "tundu tu" kutoka nyumbani.

Siku ya 11 tukapanda ndege na soksi za kubana, nikitembea kila saa ili damu isigande miguuni. Moi International walikuja kunipokea watu tisa, na shemeji yangu akanipa begi nishike ili afungue buti la gari. "Si ni tundu?" Nikalishika.

Ndugu zangu, kama kuna sehemu ya maelezo haya ya kusoma mara mbili ni hii. Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na fundi wa nguo anajua Ramadhani ni nini: Idi inakuja, kila mtu anataka kanzu na buibui, na wateja wako wa miaka wanapiga simu kwa heshima huku wanakutisha kwenda kwingine. Kwenye matanga nilikuwa tayari nimeitwa mwenye maringo kwa kukaa kitini wakati wenzangu wako mkekani. Wiki ya saba nikajiona mzima. Kidonda hakionekani hata kwa kutafuta. Nikakaa kwenye cherehani siku mbili mfululizo, kutoka asubuhi hadi karibu na futari. Siku ya tatu umeme ukarudi mguuni.

Nilituma ujumbe Chennai kwa ile namba ya WhatsApp ya wagonjwa wa kigeni, waliyosema iko wazi usiku na mchana. Jibu lilikuja siku ya tatu: piga MRI, tutumie. Wakala alikuwa na namba mpya. Hapa mjini daktari mmoja, alipoona karatasi za India, aliirudisha bahasha mezani polepole na kusema, "Mama, rudi kwa aliyekupasua." Simlaumu sana, nani anataka kubeba kazi asiyoifanya? Lakini nilitoka pale nikilia hadi kwenye tuktuk.

Yule daktari wangu wa kwanza ndiye aliyenipokea. Hakunikaripia. MRI ya tatu, na diski haikuwa imetoka tena. Ni uvimbe kuzunguka mshipa, kwa kuuchokoza kabla haujatulia. Wiki tatu za kupumzika kikweli, dawa, halafu fiziotherapia mara mbili kwa wiki. Idi ile sikushona hata shela moja. Daktari wa Chennai naye, nimpe haki yake, alipopata picha mwenyewe alipiga video akaongea nasi dakika 20, na madaktari wawili hao wakaelewana vizuri kuliko nilivyoelewana na hospitali.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nipasuliwe. Nasimama kwa vidole vya mguu wa kulia, si kwa muda mrefu kama wa kushoto. Kidole kidogo bado kama si changu. Cherehani nimeifunga mota, na simu inalia kila dakika 40 ili ninyanyuke. Wateja wameizoea, wengine wananyanyuka nami.

Hesabu nzima, na tikiti mbili, chumba, chakula, viza, chanjo na vikorokoro, ilifika kama shilingi 814,000. Nairobi walisema 850,000. Kwa hivyo ile nusu ya bei ilizaa akiba ya elfu thelathini na kitu, bei ya cherehani ya mtumba, na MRI ya tatu pamoja na fiziotherapia zikaila yote. Mchango wa familia ulitoka kwa watu 30 na zaidi, na bado sijawaambia wote hesabu hii. Nyota zangu: daktari wa kule tano, wauguzi tano, nyumba ya wageni nne, hospitali kwa uwazi wa bei mbili, wakala hana.

Ningerudi? Kama upasuaji ninaoutaka haupo hapa, ndiyo, kwa daktari yuleyule. Kwa diski moja ambayo Nairobi wanaitoa, la. Ningekopa.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja wa Likoni na bahasha yake ya MRI, ameshalipa wakala amana. Hakuniuliza kuhusu maumivu, aliuliza kama kule baridi ipo na kama wali unapatikana. Nikamjibu: joto kama letu, wali ni asubuhi, mchana na jioni. Halafu nikamuuliza ni daktari gani hapa Mombasa aliyekubali kumwangalia akirudi. Akafikiri kidogo, akasema wakala hajamwambia. Nilimwandikia jina la daktari wangu nyuma ya bahasha, na siku za kliniki yake, Jumanne na Alhamisi.