Kozi ya PLAB 2 Manchester: nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za mwalimu mmoja

Madokta mnaonifata inboksi kuuliza kama ile kozi inalipa au ni kupigwa tu, jina la akademi yenyewe silitaji maana nina ya kulalamika, ila niliyoyaona ndo haya.

Kwa ambao bado wako nyuma: ukitaka kutibu Uingereza lazima usajiliwe na baraza lao, GMC, na wengi wetu tunaosoma bongo njia ni PLAB, mtihani wao wa madaktari waliosoma nje, una sehemu mbili. Kwanza mtihani wa Kiingereza, IELTS ya Academic 7.5 kwa ujumla na kila kipengele kisishuke 7.0, au OET, ile ya Kiingereza cha watu wa afya, daraja B kote (mimi nilienda OET, angalau unaandika barua ya rufaa, sio insha ya faida za utalii). Halafu PLAB 1, maswali 180 kwa saa tatu, hiyo jisomee na benki ya maswali usimlipe mtu. Inayotisha ni PLAB 2, inafanyikia Manchester tu, stesheni 16 za dakika nane nane, mgonjwa ni mwigizaji na mtahini kakaa pembeni kimya kama hayupo. Ada peke yake karibu paundi elfu moja, bado viza, nauli na pa kulala, yani ukifeli unalia kwa Kiswahili.

Sasa kozi. Nilichukua kifurushi kizima na nimejuta. Masomo ya mtandaoni ni jamaa anasoma slaidi, noti zao zimerudufiwa mpaka dozi zingine ukilinganisha na mwongozo wa NICE, ule wa matibabu unaofuatwa huko Uingereza, haziendani. Darasani mdoli mmoja wa kutolea damu tunagombania watu kumi na tano. Hosteli waliahidi chumba cha watu wawili nikakuta tuko wanne, na hita inawaka ikijisikia.

Ila mtihani wa majaribio, hapo nawavulia kofia. Nikapewa mama anaumwa kichwa, nikauliza yote, ugonjwa nikautaja sawasawa, dawa sawa, nikatoka najiona bingwa. Mwalimu, dada mmoja wa Kisudani aliyepita njia hiyohiyo, akanipa alama za aibu. Akaniambia, yule mama kakwambia dada yake alikufa na uvimbe wa ubongo, wewe ukaenda kumuuliza kama anatapika. Wallahi sikumsikia kabisa! Kwetu OPD, kwa wagonjwa wa nje, una foleni ya watu sitini, mgonjwa akianza habari za dada yake unamrudisha kwenye kichwa kinachouma, na mwenyewe anakwambia wewe ndo daktari, niandikie dawa niende. Huku lazima umuulize anahofia nini, alitegemea umsaidieje, halafu umpe machaguo muamue wote. Na alama ziko mafungu matatu, kuchukua historia na kupima, matibabu, na hayo mazungumzo, uzito sawa, kwaiyo theluthi nzima ni namna unavyoongea na mtu.

Kwa maana hiyo ningekuwa na akili ningelipia majaribio mawili tu basi. Mengine tuliyapata jikoni usiku, mimi na Mkenya mmoja, simu inahesabu dakika nane, yeye mgonjwa mimi daktari tunabadilishana, ugali unaungua.

Kingine, tangazo lao linasema ukipita kazi iko mlangoni. Uongo! Nafasi inatangazwa asubuhi, siku mbili imefungwa kwa wingi wa waombaji. Na Tanzania iko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, waajiri na mawakala hawaruhusiwi kuja kutuchukua, unaomba mwenyewe moja kwa moja, kwaiyo mtu akikukalisha Kariakoo anakwambia ana mkataba wa NHS, yani hospitali za serikali ya Uingereza, mkononi, shika pochi yako.

Uhakiki wa cheti chako cha udaktari kupitia EPIC, mfumo wa mtandaoni unaokiuliza chuo chako, anza mapema maana chuo kinajibu kikijisikia, ila barua ya mwenendo mzuri kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika usiikimbilie, inadumu miezi mitatu tu.

Chenji yangu ya hosteli bado nawadai. Kila nikiandika wananijibu wanalifanyia kazi, na imeshapita miezi mitano.