Wakala wa tiketi hapa Arusha: bei nzuri, hesabu ya saa sifuri

Bei yao ni nzuri, sikatai. Ila anayeuza tiketi bila kujua safari ni ya masaa mangapi, heri akauze nyanya soko la Kilombero.

Juzijuzi tulikata tiketi ya mzee mwenye kisukari, KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi London kupitia Addis Ababa. Tuliuliza jambo moja tu: safari nzima masaa mangapi, ili dawa na chakula vipangwe. Kwenye simu wakasema manane. Hizo ni kilomita kama 7,060 za mstari ulionyooka, gawa kwa mwendo wa 900, basi, Addis wameiruka.

Karatasi ikaja, masaa 13! Wamechukua 17:00 ya kuondoka na 06:00 ya kufika, wakatoa. Jamani, tiketi huandika saa za kila mji kwake. Majira ya baridi London iko nyuma yetu masaa 3 (kiangazi 2), kwa hiyo 06:00 yao kwetu ni saa tatu asubuhi. Safari ni masaa 16. Wakati wa kurudi, hesabu yao hiyohiyo itazidisha matatu.

Nikamuuliza dada wa kaunta, "Dada, hapa umehesabu saa za wapi?" Bila kuinua macho kwenye simu yake: "Kwani ndege inajua saa za wapi, kaka?"

Na hayo 16 ni ya uwanja hadi uwanja. Arusha hadi KIA ni kilomita kama 50, Usa River na Kikatiti ni mwendo wa 50 na trafiki hawakosi. Weka saa moja na nusu. Wa Moshi wana nafuu kidogo. Uwanjani fika masaa matatu kabla. London, uhamiaji na mizigo, saa moja na nusu nyingine. Jumla 22. Mwenye dawa ya kila masaa 8 abebe dozi tatu mkononi, na ya akiba juu yake. Insulini isiwekwe kwenye begi la chini ya ndege, huko inaweza kuganda ikaharibika.

Niwape haki yao: kumpitisha Addis walipatia. Njia hiyo ni kilomita kama 7,300, yaani 250 tu za ziada. Kupitia Doha inakaribia 8,800. Angani ni masaa kumi na kitu, yaliyobaki ni kukaa tu Addis kusubiri ndege ya pili. Tena jina lilipokosewa herufi moja walilirekebisha siku hiyohiyo bila kudai hata shilingi. Nikasema nyota tatu, wengine wangetutoza.

Sasa nimeifungua karatasi mpya. Jina liko sawa. Muda wa safari: masaa 13.

Nyota moja.