Kiboksi cha ORS na zinki: nyota nne, ya tano wanadaiwa kipimo

Naanza na nyota kwa sababu najua wengi mnasoma mpaka hapo tu. Nne kati ya tano. Dawa yenyewe ningeipa zote tano bila kufikiri. Moja nimeiondoa kwa ajili ya kitu ambacho hakimo ndani ya boksi na kilipaswa kuwemo.

Ninachozungumzia ni kile kiboksi cha dawa ya watoto wanaoharisha kinachouzwa kwenye maduka ya dawa muhimu. Changu kilikuwa na paketi mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na vidonge 10 vya zinki kwenye karatasi yake. Bei ilikuwa karibu sawa na sahani ya wali maharage hapa kwangu stendi ya Msamvu, Morogoro, yaani hakuna mzazi anayefika stendi kula ambaye angeshindwa kukinunua. Mtumiaji ni mjukuu wangu wa mwaka na nusu, ambaye mama yake yuko kazini Dar es Salaam na mimi ndiye mlezi.

Alianza kuendesha usiku, maji matupu. Choo hakikuwa na damu. Akipewa kinywaji anakunywa, tena kwa pupa kidogo, na akilia machozi yanatoka. Nesi wa kliniki alishatufundisha kuangalia hayo kwanza, halafu macho kama yamezama, halafu ngozi ya tumbo: ukiifinya ikachelewa kurudi mahali pake, au mtoto amelegea hawezi kunywa, au kuna damu kwenye choo, hapo hakuna habari ya duka. Ni kituo cha afya, na ORS unamnywesha njiani.

Wetu hakuwa amefika huko, nikaenda dukani kulipopambazuka. Maduka haya wengine bado tunayaita ya dawa baridi, ingawa mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza Ruvuma tangu 2003, na tofauti yake ilipaswa kuwa kwamba muuzaji amefundishwa. Binti akaniamkia vizuri, nikamweleza, akatoa kiboksi. Halafu mkono wake ukahamia rafu nyingine.

"Na hii ya kufunga tumbo, mama. Akinywa mara moja tu anakauka."

"Mwanangu, kukauka ndiko ninakokuogopa."

Alicheka, lakini sikuwa natania. Dawa za kufunga tumbo si za watoto wadogo. Antibayotiki nazo, kuhara kwingi kwa watoto hakuzihitaji. Kwenye damu ndiyo, na hapo anayeandika ni mtaalamu aliyemuona mtoto, si mimi wala yule binti. Nilichukua kiboksi nikalipa.

Sasa kwenye kuchanganya, ambako nyota yangu ilipotelea. Paketi moja inataka lita moja ya maji safi, ya kuchemshwa na kupozwa. Sawa. Lita moja ni kiasi gani nyumbani kwa mtu? Mimi napikia watu wali kila siku, sufuria zangu nazijua kwa macho, na bado sikuthubutu kukisia. Nina jirani anayemimina robo ya paketi kwenye kikombe cha chai ili "isiishe haraka". Hilo ni jambo la hatari. Maji yakiwa machache chumvi inazidi, na chumvi nyingi inamdhuru mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji. Yakiwa mengi mno, anakunywa kitu kisichofanya kazi yake. Nilichofanya ni kuchukua chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita moja, nikaisuuza kwa maji ya moto, nikapimia hiyo. Kiwanda kinachojua kuchapa jina lake kwa herufi kubwa hivyo kingeshindwaje kutupa mfuko mmoja wa plastiki wenye mstari?

Zambia waliliwaza hili. Kuna kiboksi chao kinaitwa Kit Yamoyo: paketi zake ni ndogo, za mililita 200, na kopo lililobeba dawa ndilo kipimo, ndilo kikombe. Walikibuni kwanza kikae kwenye nafasi kati ya chupa za kreti la Coca-Cola, kwa hesabu kwamba soda inafika kila kijiji. Baadaye ikaonekana wenye maduka wanakibeba hata bila kreti, ilimradi kinauzika. Mililita 200 mtoto anaimaliza. Lita nzima, kwa mtoto wa mwaka na nusu, nyingine utaimwaga, maana ikishachanganywa haivuki saa 24.

Ladha. Niliyopata mimi ilikuwa ya chungwa, na nimeionja kabla ya kumpa, ni desturi yangu kwa kila kinachoingia kinywani mwa mtoto. Ni chumvi kiasi, sukari kiasi. Mama yake alipokuwa mdogo nilimnywesha ile ya zamani, na ile ilikuwa kali. Fomula imebadilika: sodiamu ya kwenye chumvi na glukosi, yaani sukari yake, vimepunguzwa, na mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakapendekeza hiyo mpya itolewe pamoja na zinki. Kutapika kwa watoto wanaoinywa kumepungua, na wanaoishia kuwekewa dripu ni wachache kuliko zamani. Wetu alitapika kijiko cha kwanza. Nilisubiri kama dakika kumi, nikarudi kijiko kwa kijiko, polepole. Kila alipoharisha alipata kama nusu kikombe, na uji na ndizi viliendelea, maana kumnyima chakula mtoto anayeharisha ni kumwongezea ugonjwa.

Hapa nina neno na wale wanaoamini mtoto hajatibiwa mpaka achomwe dripu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon upande wa India na kipindupindu kikawaingia. Dripu zikakaribia kuisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaagiza chumvi, glukosi na magadi vichanganywe kwa vipimo, vikatiwa kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanawanywesha wenyewe. Vifo, vilivyokuwa kama asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka mpaka asilimia 3.6 kwa waliotibiwa hivyo. Siri yake ni kwamba hata utumbo unaomwaga maji bado unaipokea chumvi ikiingia pamoja na glukosi, na chumvi ikishapita, maji huifuata. Dripu ina kazi yake kwa mtoto aliyelegea hawezi kunywa. Kwa anayekunywa, kikombe kinatosha, na hakuna anayemtafuta mshipa mtoto huku analia.

Zinki ndiyo watu wanaidharau, na nadhani ni kwa sababu haionyeshi kazi yake papo hapo. Kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14. Aliye chini ya miezi sita anapewa nusu. Kinayeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama, hakisagwi. Kina ladha ya chuma inayobaki ulimini hata wakiifunika na vanila. Mjukuu wangu alikunja uso lakini alimeza, kwa sharti kwamba uji ufuate hapo hapo. Choo kilipoanza kushika niliendelea, wakati wengi ndipo wanapoweka vilivyobaki kwenye droo. Vile vya mwisho ndivyo vinavyopunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu inayofuata. Sifa kwa waliofikiria kuweka vyote kwenye boksi moja, maana zinki ikiuzwa peke yake nani angeikumbuka? Mwaka 2019 kiboksi cha pamoja namna hii kiliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Siwezi kumaliza bila habari ya meno. Mtoto akiharisha mtaani kwetu, wa kwanza kufika ni mtu wa kusema "anaota meno". Hilo la kawaida mtu unaliacha lipite. Lakini kuna wanaokwenda mbali, wanasema ni meno ya plastiki na yang'olewe. Wanachong'oa ni chipukizi la jino halisi, kwenye ufizi wa mtoto ambaye tayari hana maji mwilini, kwa kifaa ambacho Mungu ndiye anayejua kilitoka wapi. Mtoto anaweza kuvuja damu, anaweza kupata pepopunda. Mama mmoja mteja wangu aliniletea ushauri huo kwa nia njema kabisa, huku anasubiri chai. Nilimpa chai, nikamwonyesha kiboksi, nikamwambia jina la ugonjwa na dawa yake vyote viko hapa.

Na wenye watoto wachanga: matone ya chanjo ya rota, kirusi kinachowaharisha watoto, wiki ya 6 na ya 10, msiyaruke. Chanjo hiyo iliingia kwenye ratiba yetu Tanzania mwaka 2013. Haizuii kila kuhara, kama mlivyoona kwa mjukuu wangu aliyeipata, ila inawakinga na ile rota kali inayowajaza wodini.

Mkinunua, angalieni tarehe, kisha pindueni paketi. Unga uliogeuka kahawia au uliogoma kuyeyuka, rudisheni. Mimi nina boksi la akiba sasa, juu ya kabati, mbali na joto la jiko.

Duka lenyewe, kwa kuwa mtaniuliza: nyota tatu. Linafunguliwa mapema, binti ana adabu na anarudisha chenji yote. Ila hakuniuliza umri wa mtoto, na swali hilo lilipaswa kuja kabla ya mkono kugusa rafu yoyote.