Vyakula vya Thailand: vya kuagiza, vya kupita, na dalili za mpishi mzuri

Ukifika Thailand usianze na pad thai, tambi za mchele za kukaanga. Si chakula kibaya, lakini katika mitaa ya wageni ndicho kinachopikwa ovyo kuliko vyote. Anza na som tam, saladi ya papai bichi. Hutengenezwa mbele ya macho yako, na mpishi hana pa kuficha kosa.

Kinu chake ni cha udongo na mchi ni wa mti. Kitunguu saumu na pilipili hupondwa kwanza, halafu hufuata sukari ya mvumo, kunde changa zikiwa na maganda yake, nyanya, uduvi mkavu, ndimu na nam pla, sosi ya samaki inayoshika nafasi ya chumvi karibu kila mahali. Papai huingia mwisho, na halipondwi. Mkono mmoja hugonga polepole, mwingine hugeuza kwa kijiko, ili papai linywe sosi bila kulegea. Likiwa limeanza kuiva, au limekatwa tangu asubuhi, hutoa maji na ladha yote ikapooza. Papai zuri hulia kwenye meno.

Usichanganye aina mbili. Som tam thai ina karanga na uduvi, ni tamu yenye uchachu, na hiyo ndiyo ya mgeni. Som tam pu pla ra ya Isan, kaskazini mashariki, ina kaa wadogo wa chumvi pamoja na pla ra, yaani samaki wa mtoni aliyevundikwa. Wenyeji wanaipenda sana, na harufu yake huzoeleka. Tahadhari iko kwingine: kaa hao hawajapikwa, na samaki mbichi wa maji baridi katika eneo hilo huambukiza minyoo ya ini. Uliza kama pla ra imechemshwa, na kaa waombe wasitiwe. Kuhusu pilipili, taja idadi. Ukisema tu “mai phet”, yaani isiwe kali, kila mpishi ana kipimo chake. Ukisema “phrik met diao”, unapata pilipili moja. Agiza pamoja na kuku wa kuchoma na wali wa kunata, ambao huliwa kwa mkono: finyanga tonge dogo kama la ugali, chovya, kula.

Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, chakula kitakachomwingia mara moja ni masaman. Ndani yake mna mdalasini, iliki, karafuu, kungumanga na bizari nyembamba, pamoja na viazi, karanga, ukwaju na tui. Ni mchuzi uliozaliwa na biashara ya Bahari ya Hindi na mikono ya Waislamu, na undugu wake na vyungu vya Unguja na Mombasa unausikia kwa pua kabla ya ulimi. Ubora wake hutegemea hatua moja. Tui zito huchemshwa peke yake hadi likatike na mafuta yaelee, kisha viungo vilivyopondwa hukaangwa ndani ya mafuta hayo, ndipo nyama na tui jepesi vifuate. Mpishi mwenye haraka humwaga tui lote kwa pamoja, akapata mchuzi mweupe wenye harufu ya viungo vibichi. Kwa hiyo tazama juu ya bakuli: pakiwa na madoa ya mafuta mekundu, kaa ule. Nyama ya ng'ombe inahitaji kuchemka taratibu saa mbili hivi, kwa hiyo mahali panapopika kila sahani papo hapo, chagua kuku. Kusini, kuanzia Krabi hadi Pattani, tafuta pia khao mok kai, wali wa manjano uliopikwa na kuku kwa mtindo wa biriani. Huja na sosi ya kijani ya nanaa, chachu na tamu, na bila sosi hiyo sahani haijakamilika.

Chiang Mai, jiji la kaskazini, ina khao soi, na hiki tunakipa alama za juu kuliko vyote. Ni tambi za mayai katika mchuzi wa tui na bizari, juu yake tambi nyingine zilizokaangwa zikakauka. Kinahusishwa na Waislamu wa Kichina kutoka Yunnan, na karibu na msikiti wa Ban Haw ipo migahawa ya halali inayokiuza. Kando utaletewa majani ya haradali yaliyochachushwa, vitunguu vidogo vyekundu na ndimu. Tia vyote, maana bila uchachu huo tui hukinaisha kabla hujafika nusu ya bakuli. Na usikawie, maana tambi za juu hulowa upesi.

Tom yum kung, supu ya kamba, iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2024. Mchaichai, khulinjani (mzizi wa jamii ya tangawizi) na majani ya ndimu ya makrut ni vya harufu tu. Viache kwenye bakuli, usitafune. Ndimu hutiwa baada ya moto kuzimwa, kwa kuwa ikichemka huleta uchungu. Ya maziwa ni nzito na hupendwa na wageni, ila iliyo wazi ndiyo inayoonyesha kama kamba ni wabichi.

Pad thai, basi, iwe kwa mpishi anayekaanga sahani moja au mbili kwa wakati. Karai likijaa, moto hupungua na tambi hugandana. Utamu na uchachu vitoke kwenye sukari ya mvumo na ukwaju. Ukiona tambi nyekundu kwa sosi ya nyanya, au rundo lililokwisha kupikwa, pita. Mitaani bei ya kawaida ni bahti 50 hadi 80.

Asiyekula nguruwe ajue maneno matatu: mu ni nguruwe, kai ni kuku, nuea ni ng'ombe. Hatari haiko kwenye nyama inayoonekana. Supu nyingi za tambi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama juu pamewekwa kuku, baadhi ya makarai hutumia mafuta yake, na kuai tiao ruea, tambi za mashua, hutiwa damu ya nguruwe au ng'ombe. Kusema “mai sai mu”, yaani usitie nguruwe, hakuondoi kilichomo tayari kwenye sufuria. Tafuta alama ya halali mlangoni.

Wali wa kunata na embe uagize kati ya Machi na Mei, msimu wa embe. Mchele hulowekwa kwa saa kadhaa, hupikwa kwa mvuke, kisha ukiwa moto huchanganywa na tui lenye sukari na chumvi na kufunikwa hadi ulinywe lote. Ukiona tui limetuama chini na punje ni ngumu, wali ulichanganywa umeshapoa. Usinunue wa kula kesho: kwenye friji hukakamaa, na nje ya friji tui huchacha siku hiyohiyo.