Msimu wa Kushindwa kwenye Flashi Moja: Duka la Kukopi Video, Komini ya Kenya, Lubumbashi

Binti wa dada yangu ni golikipa wa timu ya wasichana huko Katuba, na tangu aliposikia kwamba golikipa wa kike wa Marekani aliwahi kuitwa kupiga mpira katika timu ya wanaume ya chuo kikuu, hakunipa amani mpaka nimtafutie video. Kwa kuwa mchezo mmoja wa mpira wa Kimarekani huchukua zaidi ya saa tatu, na bando la simu haliwezi kustahimili hayo, nilikwenda kwenye duka dogo la komini ya Kenya linalopakua filamu na michezo na kukopi kwenye flashi ya mteja. Bei ni faranga 1,000 kwa mchezo. Niliagiza msimu mzima wa mwaka 2020 wa Vanderbilt, timu ya chuo kikuu cha jina hilo huko Nashville, Marekani, ambayo haikushinda mchezo hata mmoja. Kijana wa dukani alinitazama kwa huruma.

"Papa, unataka yote waliyopigwa?" aliuliza, kisha akaandika kwenye daftari: michezo kumi.

Aliahidi siku mbili, zikawa nne kwa sababu ya umeme, jambo ambalo mkaaji wa Lubumbashi hawezi kumlaumu mtu kwalo. Picha ni safi hata kwenye televisheni kubwa, na kila faili limeandikwa jina la mpinzani na tarehe, kazi ya uangalifu ambayo maduka mengine hayaifanyi. Tarehe hizo zilinifaa mapema. Katika mchezo wa kwanza, tarehe 26 Septemba, Vanderbilt walishindwa na Texas A&M kwa pointi 17 kwa 12 tu, nikaanza kuwa na matumaini nao. Wiki iliyofuata LSU waliwapiga 41 kwa 7, na baada ya wiki moja tena South Carolina wakawapiga 41 kwa 7, hata nikadhani kijana amekopi faili moja mara mbili. Hakukosea, ndivyo ilivyokuwa.

Kosa lilikuwa kwenye faili la Missouri, yaani lile hasa tulilolifuata. Mchezo huo ulipangwa Oktoba, ukaahirishwa kwa kuwa korona iliiacha Vanderbilt bila wachezaji wa kutosha, ukachezwa tarehe 28 Novemba. Kwa kuwa wapiga mikwaju wa timu walizuiwa na masharti ya korona, kocha Derek Mason alimwita Sarah Fuller, golikipa wa timu ya wanawake ya chuo hicho, ambayo siku sita tu kabla ilikuwa imetwaa kombe la kanda yao. Fuller alipiga mpira mara moja tu, kuanzisha kipindi cha pili. Faili letu liliishia mapumziko! Mpwa wangu alilala bila kula.

Kesho yake nilirudi dukani. Kijana hakubisha, alipakua sehemu ya pili bila kudai hata faranga moja, na jioni tukaona mkwaju wenyewe, mpira wa chini uliokwenda yadi 30 kama walivyokusudia, bila mpinzani kuurudisha. Mpwa wangu alisimamisha picha ili asome maneno yaliyobandikwa nyuma ya kofia ngumu ya Fuller, ambayo kwa lugha yetu ni "cheza kama msichana". Timu ilishindwa 41 kwa 0, na Mason akafukuzwa siku iliyofuata. Katika faili la Tennessee, la tarehe 12 Desemba, Fuller anafunga mikwaju miwili ya pointi moja moja. Matokeo yalikuwa 42 kwa 17, lakini nyumbani kwetu tulishangilia kama Mazembe wamechukua kombe.

Lipo pia lile faili la kumi. Nilipolifungua niliona dhidi ya Georgia uwanja umejaa watu waliovaa nyekundu, bega kwa bega, bila barakoa hata moja, ilhali katika mengine yote majukwaa yalikuwa karibu matupu. Lilikuwa la mwaka 2019. Mchezo wa Georgia wa mwaka 2020 haukuchezwa kabisa, kwa sababu Vanderbilt walikosa tena wachezaji, na msimu ukaishia kwenye vipigo tisa. Kwetu, ligi ya mwaka huo ilisimamishwa na Mazembe wakatangazwa mabingwa kwa msimamo uliokuwapo. Wale wa Nashville waliendelea kucheza na kushindwa mpaka Desemba. Kijana alipakua kwa kufuata ratiba bila kutazama kilichomo, na ingawa simwiti mwongo, nililipia mchezo ambao haupo.

Alinirudishia faranga 1,000 papo hapo. Nitarudi kwake, ila sitaondoka tena kabla ya kufungua kila faili mwanzo na mwisho kwenye kompyuta yake, na nawashauri wanaotaka michezo mirefu wadai hivyo, wakiuliza pia kama imekatwa vipande viwili. Mtangazaji anazungumza Kiingereza tu, na katika mchezo wa Kentucky, ule wa 38 kwa 35 uliokaribia kuwa ushindi, sauti inachelewa nyuma ya picha. Huo bado hajaurekebisha.