Mothership ya Led Zeppelin: nilivyouziwa nusu ya bendi

Anayeishi Tanga na anayetaka kununua Mothership, mkusanyo wa nyimbo za Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, namshauri asiununue dukani. Nasema hivyo kwa hasira, na hasira yenyewe haitokani na muziki bali na kijana mmoja wa duka la CD kule Ngamiani, ambaye duka lake sitalitaja, maana kulitaja ni kulitangaza.

Mkusanyo huu ulitolewa mwaka 2007, na nyimbo zake 24 zilichaguliwa na wanabendi wenyewe watatu waliosalia, yaani Jimmy Page wa gitaa, Robert Plant mwimbaji na John Paul Jones wa besi na kinanda. Mpiga ngoma wao, John Bonham, alifariki mwaka 1980 na bendi ikafa pamoja naye. Kilichonivutia ni mpangilio wake: CD ya kwanza imechota kutoka albamu nne za mwanzo, na ya pili kutoka albamu nne zilizofuata, hivyo anayezisikiliza zote mbili kwa mfululizo anaifuata bendi tangu 1969 hadi 1979 bila kulazimika kuzitafuta albamu zenyewe, ambazo katika mji wetu hazipatikani kwa urahisi. Nililipa bei ya CD halisi, tena bila kubembeleza nipunguziwe.

CD ya kwanza ilinipa raha ambayo sikuitarajia kwa umri wangu. Wimbo wa When the Levee Breaks, ambao asili yake ni wimbo wa bluzi wa mwaka 1929 kuhusu mafuriko ya Mississippi, nilikuwa nimeuzoea katika kanda iliyochakaa. Safari hii nilisikia ngoma za Bonham zikivuma kama zimo ndani ya ukuta wa sebule yangu. Zilirekodiwa katika ukumbi wa nyumba kongwe huko Uingereza, vinasa sauti vikiwa vimening'inizwa juu kwenye ngazi, na mvumo wa ule ukumbi umo wote. Wimbo ulipokwisha niliurudia, mke wangu akafunga mlango wa chumbani.

Kisha nikaweka CD ya pili. Yakatoka mapigo mawili mazito ya gitaa na ngoma kwa pamoja, kimya kidogo, halafu mawili tena. Huo ni mwanzo wa Good Times Bad Times, wimbo wa kwanza kabisa wa CD ya kwanza. Nikadhani nimechanganya, nikaitoa, nikaisoma: imeandikwa ya pili. Nilipoigeuza chini nikaiona ina rangi ya zambarau iliyoiva, ile rangi ya CD za kuchomwa kwenye kompyuta, na herufi zilizochapwa juu yake zilikuwa zimevuja wino pembeni. Mtu alichoma CD ya kwanza mara mbili, akabandika maandishi ya CD ya pili juu ya mojawapo, akaziweka katika kasha zuri na kuniuzia kama mali halisi.

Nilirudi dukani kesho yake nikiwa mtulivu kabisa. Vijana kadhaa walikuwa wamesimama kaunta wakisubiri kutiliwa nyimbo kwenye flashi. Nikamsalimia muuzaji, nikamweleza shida yangu taratibu, nikamwomba aiweke kwenye deki yake asikie mwenyewe. Hakuigusa. Alinitazama, akawatazama wale vijana, akasema, "Mzee, hizi si kelele tu? Utajuaje ipi ya kwanza na ipi ya pili?" Wakacheka wote. Nikamwambia, "Mwanangu, nimelipia CD mbili, umenipa moja." Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mali iliyouzwa hairudishwi. Akaendelea na flashi zake.

Fedha ningeisamehe. Lile neno "kelele" ndilo lililonikaa rohoni, na limenikaa zaidi kwa sababu limetamkwa Tanga, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji ambao taarabu za Black Star na Lucky Star zilitoka hapa zikavuka mipaka. Katika mji huu mtu alikuwa akisikia gitaa likipigwa ng'ambo ya pili ya barabara anajua ni bendi gani na pengine hata mpigaji ni nani. Leo anayeuza muziki anajivunia kutojua anachouza, na wateja wanamshangilia.

Tena hata jibu lake lilikuwa la uongo, kwa sababu tofauti ya CD hizi mbili ni kubwa mno. Mpwa wangu aliniletea nakala halisi kutoka Mombasa miezi kadhaa baadaye, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichodhulumiwa. Ya kwanza ni bendi ya bluzi na nguvu; ya pili ni watu wanaojaribu kila kitu. Katika No Quarter kinanda cha Jones ndicho kinachotawala, na sauti ya Plant inatoka kana kwamba amezama majini. Katika Kashmir ngoma inahesabu nne wakati gitaa linahesabu tatu, zinaachana, zinakutana tena, na juu yake zinapita fidla na tarumbeta. Mashairi yake yalimjia Plant akisafiri kwa gari kusini mwa Morocco. Mtu aliyelelewa na fidla za taarabu hawezi kuusikia wimbo huo akauita kelele. Atauliza ni kundi gani.

Basi nafuta niliyosema mwanzo, au nayafuta nusu: nunueni Mothership, ila igeuzeni chini kabla hamjatoa fedha, na kila CD ichezwe mbele yenu. Ni mkusanyo wa haki, nyimbo ni kamili bila kukatwa, hata Achilles Last Stand yenye zaidi ya dakika 10.

Hata hivyo, kadiri ninavyoisikiliza hii CD ya pili ndivyo ninavyozidi kuwa na neno na hao wazee watatu wenyewe. Wamefungia mkusanyo kwa All My Love, wimbo wa Plant na Jones wa kumlilia Karac, mwana wa Plant aliyefariki mwaka 1977. Ni wimbo wa majonzi ya kweli, na sina cha kuupinga. Lakini kutoka albamu ya Physical Graffiti wamechukua nyimbo tatu tu, wakauacha Ten Years Gone, ambao kwangu ndio kazi bora ya Page kwa gitaa, magitaa yamepangwa moja juu ya jingine hadi hujui lipi linaongoza. Nafasi haikuwa kisingizio, kwa kuwa CD hii ina takriban dakika 70 na CD hubeba karibu 80. Wimbo wenyewe hauzidi dakika saba. Ungeingia, na ungebaki na nafasi.