Plagi za shaba au za iridiamu kwa gari la michezo la zamani?

Kwa bei, shaba inashinda bila ubishi. Ukizichafua kwa kurekebisha kabureta vibaya, unatupa seti nzima na kufunga nyingine bila kuumia. Ila shaba iko kiini tu, na ncha yake ya nikeli inalika haraka: baada ya kilomita 30,000 hivi kona zake zimeshakuwa mviringo, mwanya wa kurukia cheche umepanuka, na injini inaanza kukohoa ukikanyaga mafuta ghafla.

Iridiamu, metali ngumu, huyeyuka kwenye nyuzi joto 2,446 hivi za Selsiasi, ndiyo maana ncha yake nyembamba kama sindano hufika hata kilomita 100,000. Wembamba huo pia huisaidia koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) iliyochoka, kwani cheche huruka kwa volti ndogo zaidi. Ukipima mwanya usilazimishe fila geji, yaani vibati vya kupimia mwanya. Ncha ikivunjika, pesa imepotea.

Kwenye matunzo ndipo mambo yanapochanganya. Kama injini ni ya boksa, yaani silinda zake zimelala pande mbili, mfano Porsche 911, plagi zimejificha ubavuni na mkono unachubuka kuzifikia. Hapo mimi ningefunga iridiamu. Lakini plagi iliyokaa miaka mingi kwenye silinda hedi (kifuniko cha silinda) ya alumini hung'ang'ania, na kuifungua kwa nguvu huondoka na nyuzi za tundu la skrubu. Fungua injini ikiwa imepoa.

Gari linalonuka petroli na kutoa moshi mweusi, wekea shaba kwanza. Likiwaka safi na hulipendi gereji, iridiamu. Yoyote utakayochagua, kiwango cha joto cha plagi kifuate kitabu cha gari.